Ukali wa Mashavu

Akiwa kitandani hospitalini, Mashavu alirusha kikombe cha uji, kikampata mumewe kifuani.

"Toka, Shomari! Sitaki kuuona uso wako."

Shomari alijipangusa uji. Mwaka jana, saratani ya mitoki, zile tezi za mwilini, ilipokwisha, mkewe alilia kwa furaha mbele za watu. Sasa ilikuwa imerudi, na safari hii imemwingia ubongoni.

Daktari alimvuta Shomari hadi dirishani. "Saratani hii si ile ya mwanzo. Vinasaba vyake vimebadilika, dawa zilizoishinda zamani haziiwezi tena. Hata ukali huu ni ugonjwa, usiuweke moyoni."

"Ugonjwa!" Mashavu alicheka kutoka kitandani. "Muulize, nilipolazwa mara ya kwanza alikwenda kumposa nani? Mimi hata sijafa!"

Daktari alimgeukia Shomari, naye akainamisha macho.

"Nani alikwambia?" Shomari alimuuliza mkewe.

"Nilijua siku zote. Kunyamaza nilikuwa naweza, sasa siwezi tena."

Daktari alitoka, akafunga mlango taratibu. Mashavu akajisogeza ukutani, nusu ya kitanda ikabaki wazi. Shomari alisimama akiitazama, asijue kama anakaribishwa au anakimbiwa.