Sufuria Nyembamba

Halmashauri ya mji iliagiza sufuria zisubiwe kwa aluminiamu kidogo zaidi. Ng'ambo ya mto agizo hilo halikufika, na Siwatu, mwenye karakana ya kuyeyusha na kusubu sufuria, alijua kwamba Bi Arafa, mnunuzi wake mkubwa, akihamia kwa mafundi wa huko, tanuri litazimika.

Bi Arafa aliigonga sufuria mpya, nyembamba, kwa kidole, kama wanunuzi wote wafanyavyo. "Shoga, yako inalia kama kopo. Hii niliyoichukua ng'ambo inalia kama kengele."

"Kwani wateja wako wanapika au wanapiga ngoma?"

Bi Arafa akacheka, lakini hakuagiza kitu. Basi Siwatu akaziinjika zote mbili, maji sawa, makaa sawa, waone ipi itachemka kwanza. Wakachutama. Mafundi wakaacha kazi, wakasogea. Chini ya maji, katika ile nyembamba, vipovu vya kwanza vikaanza kujikusanya.