Mizani za Bi Somoe

Wiki moja kabla ya mtihani, Bi Somoe aliweka daftari lake juu ya meza ya Mwalimu Tindo.

"Nakurudishia, mwalimu. Vina, mizani, mishororo, kichwa changu kimekataa. Miaka hamsini na nane si ya kuanza shule."

Wenzake wa darasa la watu wazima wakageuka kumtazama. Mwalimu, aliyelingana kwa umri na binti wa Bi Somoe, hakuligusa daftari.

"Kabla hujaondoka, tuimbie ule wimbo wa harusi ya bintiyo uliotusimulia."

Bi Somoe aliona haya, lakini akaimba:

*Mwanangu ninakuaga, leo waenda kwa mume,*
*Machozi ninayamwaga, ila moyo usiume.*

Mwalimu akaiandika mistari ile ubaoni. "Nani alikutungia?"

"Nitungiwe na nani? Ilinitoka tu, nikiwa jikoni."

"Basi hesabu silabi za kila kipande."

Akahesabu kwa vidole. Nane. Kipande cha pili, nane. Mstari wa chini, nane kwa nane. Kisha akatazama miisho: *ga* na *ga*, *me* na *me*.

"Hivi ndivyo vina?"

"Ndivyo. Na nane zako ndizo mizani."

"Kumbe nilikuwa navyo siku zote!" Akacheka, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Hebu nipe chaki."

Akaanza kuandika mstari wa tatu, ambao hakuwahi kumwimbia mtu. Darasa zima likahesabu naye kwa sauti, kila silabi kidole kimoja. Kwenye ya saba mkono wake ukasita, na wote wakabaki vidole juu, wakingoja ya nane.