Doa Lisilozunguka

Doa la jua likithibitishwa na mashahidi wawili, umeme wa mtaa mzima huzimwa siku tatu, mlipuko wa jua usije ukaunguza nyaya na nyumba.

Tunu, shahidi wa mwanga wa kawaida, alifuta kioo cha darubini kwa ncha ya kanga, akakizungusha akiomba doa aliloliona liwe vumbi, maana vumbi huzunguka na kioo. Doa halikutikisika. Ndani, mashine ilikuwa ikimpumulia mumewe.

Akampigia Mshindo, jirani na shahidi wa pili, anayetazama kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho.

“Kwangu jua safi, shemeji. Kwako je?”

Kwenye simu, Tunu akasikia mashine nyingine ikihema, ya mama yake Mshindo.

“Hata kwangu safi, shemeji.”

Tunu akainamia darubini tena. Doa lilikuwa limezaa la pili, na nyaya juu ya paa zikaanza kuvuma.