Rambirambi za Mheshimiwa Mavura

"Mji huu hauna mpiga kura nisiyemjua kwa jina, hata chai yake naijua ina sukari ngapi!" Mheshimiwa Mavura aliwaambia waombolezaji, kipaza sauti kakikaribia kama anayetafuna muwa. Miaka ishirini katika bunge la jimbo ilimfunza kwamba kura huvunwa zaidi makaburini kuliko mikutanoni, na uchaguzi ulikuwa Jumapili iliyokuwa inakuja.

"Huyu Mzee Lukindo," akalionyesha jeneza, "wiki iliyopita tu nilikuwa kwake. Akaniambia, 'Mwanangu, usiache kugombea.'"

Watu wakaguna. Mavura akadhani ni majonzi, akazidisha chumvi. "Tukacheka mpaka jirani akachungulia!"

Mjane, aliyeketi mkekani kando ya kaburi, hakuinuka.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "kiharusi kilimfunga mume wangu ulimi, huu mwaka wa nne. Neno lake la mwisho lilikuwa jina lako, siku ile tukingoja gari ulilotuahidi limpeleke hospitali."

Mavura alifungua kinywa. Spika hazikutoa kitu ila pumzi zake, nzito kama za mtu anayepanda mlima, zikitapakaa juu ya umati. Wachimba kaburi waliegemea majembe yao, wakingoja amalize.