Koti la Adamji

Crispus wa posta aliiweka barua kizingitini, akagonga mara moja, akaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Zile tatu za mwanzo alizitoa mkono kwa mkono. Lakini mtaa mzima sasa ulikuwa unajua, na yeye hakutaka tena kuulizwa vipi maiti anaandika.

Wala hapakuwa na uchawi. Telegramu huruka, barua hupanda meli. Telegramu ya Bara Hindi ilifika Mombasa kwa siku mbili tu: Ijumaa gari la moshi limeacha reli, mwanafunzi amekufa, mfukoni mwa koti lake imekutwa kadi ya chuo yenye jina la Adamji na anwani ya kwao, Waislamu wa huko wamemzika. Barua alizoandika kabla ya hapo zilikuwa bado njiani. Zikawa zinafika mojamoja, changamfu, zimejaa maskhara, na mwenyewe ameshasomewa khitma. Nani asingeogopa?

Mama yake, Hawabai, hakuogopa. Alizingoja. Tangu siku ya msiba alikuwa mkekani. Wanaokuja kumpa pole waliwekewa viti, yeye aliapa kukaa chini, panapokaa mfiwa, mpaka arubaini iishe. Kusoma hakujua. Msomaji wake alikuwa Hajra, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye mwanawe Nuruddin alikwenda na Adamji meli moja, chuo kimoja, chumba kimoja.

Huyo Nuruddin kalamu kwake ilikuwa nzito kuliko gunia la mchele. Hakuandika hata mstari. Basi Hajra akawa anapata habari za mwanawe aliye hai katika barua za marehemu. Kila akimaliza kusoma alirudi kwake, akamshukuru Mungu kwamba halikumfika yeye, kisha akaona haya, akapika uji akampelekea Hawabai. Alikuwa ameshamwandikia Nuruddin aende akalizuru kaburi la mwenzake. Majibu hayajaja.

Hawabai alikuwa akiomba asomewe tena na tena. Kile kitanda cha kamba kilichowaangusha wote wawili usiku wa kwanza. Ile dengu isiyo na nazi. Wanafunzi wa kule waliwaita Waafrika, nao wakikasirika waliwatukana kwa Kimvita na kucheka peke yao. Jioni walikula sinia moja, wakianza kwa kuonja chumvi kama nyumbani, na Nuruddin ndiye aliyemaliza nyama.

Lakini koti halikutajwa. Barua ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, ya tatu hakuna. Na Hawabai alitaka koti tu.

Alilishona mwenyewe, la sufu, akatia bitana. Siku ya safari, kule Kilindini, Adamji alikataa kulibeba. Jua lote hili, mama, watu watanicheka. Hawabai akapandwa na hasira mbele za watu. "Haya, nenda ufe na baridi," alimwambia. Kijana alilinyakua, akalitupa begani, akapanda meli bila kugeuka. Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia mwanawe, na lilikuwa likimrudia kila akifumba macho. Telegramu imesema alikutwa nalo mwilini. Je, alikuwa amemsamehe, au lilikuwa baridi tu?

Adamji aliahidi kuandika kila Alhamisi. Hawabai alizihesabu kwa vidole: kabla ya ile Ijumaa zilipita Alhamisi nne. Kwa hiyo hii iliyookotwa kizingitini ndiyo ya mwisho, ya siku moja kabla. Hajra alipokaa kitini na kuifungua, mwenzake alimshika pindo la nguo asiliachie.

"Mama," Hajra alisoma, "lile koti nililichukia bure. Baridi ya huku haina huruma. Nalivaa mchana, nalala nalo, na kila nikifunga vifungo nasema mama alijua. Yale maneno ya Kilindini usiyaweke moyoni. Mimi niliyasahau meli haijatoka bandarini, ila niliona haya kugeuka, nisije nikalia mbele ya Nuruddin."

Hawabai alilia, na safari hii alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alimwomba Mungu amrehemu mwanawe, akasema sasa hata kufa anaweza. Hajra naye akafuta machozi. Alifurahi kwa moyo safi, bila ile haya ya siku zote. Akageuza karatasi.

"Ila leo sinalo," Adamji aliendelea. "Chuo kimefungwa wiki sita, na kesho Nuruddin anapanda gari la moshi kwenda kwa mjomba wake. Kifua kimembana, nguo zake nyepesi, nikamvisha koti kwa mkono wangu. Kadi yangu nimeiacha mfukoni makusudi apate nauli nusu, kwa kuwa ya kwake haijatoka. Usinigombeze. Mwambie mama Hajra asiwe na wasiwasi, mwanawe hataona baridi."

Hayo Hajra aliyasoma kwa macho tu.

"Mbona umenyamaza?" Hawabai aliuliza. "Kuna la zaidi?"

Hajra aliikunja barua, akampa mwenyewe mkononi. Kisha akateremka kitini, akapiga magoti pembeni mwa mkeka.

"Inuka, dada Hawabai," alisema. "Nipishe nikae."