Nafasi ya Siwema

Mambo yaliharibika Jumatano ya tarehe tisa Juni. Tulikuwa bado matangani, mke wangu Siwema hata udongo wake haujakauka, wakubwa wakatuletea mama mpya. Ndiyo sheria yao: nyumba yenye mtoto haikai na nafasi wazi, eti mtoto atakosa malezi na nchi itakosa raia mwema.

Watani wetu walicheka hadi machozi. "Wewe bwana, umeoa au umeozwa na serikali?"

Mama huyo, Mwajabu, alikuja na kidude sikioni kinachomnong'oneza tabia zote za marehemu. Alimsuka binti yangu Zawena, mdogo bado, akimwimbia nyimbo zilezile. Hata wali aliuacha ushike chini kidogo, maana Siwema alijua napenda ukoko. Nikaula nikakasirika, kwa sababu ulikuwa mtamu.

Zamani nyumba ikifiwa, imefiwa. Mashangazi walikuja na mikeka yao, mtoto akalia mpaka akanyamaza mwenyewe. Hawa wakubwa wametunyang'anya hata kilio.

Juzi, Zawena sasa msichana mkubwa, tulikwenda kupalilia kaburi. Akang'oa magugu vizuri, kisha akauliza kwa adabu, "Baba, huyu alikuwa nani wetu?"

"Mama yako."

"Aa, baba nawe! Mama si tumemwacha anapika?"

Nimekwenda ofisini kwao kuuliza: kama yule ndiye mama, huyu wangu aliyelala makaburini mtoto amwite nani?