Karibu ya Bura

Kwa mara ya tatu ndege ndogo ya Akonaay iligeuka yenyewe ilipokaribia kiwanja cha shambani kwa mdogo wake, Bura. Akaizima kompyuta inayoirusha, akaiwasha tena, akaipiga ngumi. Ikageuka vilevile.

“Dude lenu bovu,” alimfokea fundi Mwanaidi redioni.

“Si bovu, mzee. Ndiyo sheria mpya. Kabla ya kutua, kompyuta inampigia mwenyeji na kuisikiliza sauti yake. Kama moyoni hakutaki, haitui.”

“Amenikaribisha. Umemsikia mwenyewe.”

Kweli Bura alikuwa amejibu, “Karibu sana, kaka, tumekuchinjia mbuzi,” kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri, hata kama kaka mwenyewe ndiye aliyeuza ng'ombe wake wote wakati yeye amelazwa hospitali.

“Nimemsikia,” alisema Mwanaidi. “Na kompyuta imemsikia.”

Akonaay akamtukana, akamtukana na aliyeziondolea ndege usukani. Mafuta yaliyobaki yalikuwa ya kumfikisha kwake tu.

“Nirudishe nyumbani,” akaiamuru kompyuta. “Kule hakuna wa kunikataa.”

Ilikuwa safari yake ya kwanza tangu sheria ianze. Bati la nyumba yake lilipoanza kung'aa mbele, kompyuta ikampigia mkewe. Paskalina akapokea kwa sauti ileile ya upole ya miaka ishirini na sita.

“Karibu, Baba Emi. Chakula kiko mezani.”

Bawa la kushoto likainama taratibu, na nyumba ikaanza kusogea pembeni mwa kioo.